Nywele za Vasilica

Muuguzi wa zahanati alinifunga mkono kitambaa cha presha,
akaminyaminya mpira, akatazama mshale, akaguna.
"Mzee Ilarion, umri huu si wa kulea.
Pumzika."
Nikamwambia sawa, nitapumzika
Vasilica akishaolewa. Ana miaka saba.

Alfajiri nawasha jiko la udongo.
Theluji ya Moldova imefika dirishani, goti la kushoto
linalalama kama mlango wa ghala.
Maziwa yanafoka, Sandu anatafuta soksi moja,
daima moja, ya pili Mungu ndiye ajuaye.
Kisha msichana anajileta mwenyewe katikati ya magoti yangu
na kunipa kitana.

Vidole hivi vimefunga mizabibu miaka arobaini.
Nywele nilikuwa sizijui. Msusi alikuwa marehemu Agripina.
Mwezi wa kwanza mtoto alikwenda shule
kichwa kama kiota cha korongo,
wenzake wakamcheka, naye akanitetea:
"Babu yangu anajifunza."
Anajifunza! Mimi, wa miaka sabini na mmoja.
Sasa nasuka mikia miwili,
na njia ya katikati imenyooka
kuliko safu zote nilizowahi kupanda.

Jumapili simu inaita kutoka Padova.
Huko Viorica anamwosha ajuza wa watu, anamlisha supu,
anamgeuza ubavu asipate vidonda.
"Baba, unakula?" Nakula.
"Na magoti?" Mazima.
Tunadanganyana hivyo, roho zipate kutulia.
Halafu nakaa gizani nikiwaza:
mwanangu anatunza mama wa mwingine
ili mimi nitunze wanawe.
Na yule ajuza, wa kwake wako wapi?

Kiangazi aliwachukua wiki sita.
Goti likanyamaza kweli.
Nikalala mpaka saa nne, mpaka saa sita,
mkate ukaota ukungu,
nikawa nasema na kuku, kisha hata kuku nikachoka nao.
Presha ikashuka, muuguzi akafurahi.
Sikumwambia kwamba na mimi nilikuwa nashuka nayo.

Wamerudi Agosti. Kioo kimoja kimeshavunjika.
Vasilica amekuja na nywele fupi za saluni, zampendeza,
hazishiki hata utepe.
Akaniona nimesimama na kitana mkononi.
Akageuka, akaketi palepale pake, akasema:
"Zitaota, Babu.
Wewe chana tu."