Ukurasa wa Arobaini na Moja

Makala iliingia Jumanne, saa tatu usiku,
nami nimevaa koti ndani ya nyumba,
maana Kutaisi, mwezi wa pili,
hita huchagua chumba kimoja tu cha kupenda.
Mwandishi: Tornike Gvenetadze, mwanafunzi wa uzamivu.
Mada: jalidi na vichipukizi vya mzabibu.
Sentensi zimenyooka kama shati la arusi,
hakuna koma iliyoteleza.
Nikasema, haya, kijana ameiva.

Hadi rejea ya kumi na tisa.

Kvirkvelia, O., 1987.
Jarida letu hili hili, toleo la sita,
kurasa 41 hadi 58.

Otari Kvirkvelia!
Aliyenifunza kukata tawi kwa mshazari,
aliyeamka saa kumi alfajiri kuipima baridi kwa kiganja
kabla hajaiamini zebaki.
Mwaka wa kumi na nne huu yuko chini ya udongo,
na leo ana makala ambayo sikuwahi kuiona.

Sitaficha, moyo uliruka.
Nilijua alitaka kuiandika.
Alinunua hata daftari, jalada la kijani,
akasema "msimu ujao",
kila msimu "msimu ujao",
mpaka misimu ikamwishia.
Nikawaza: labda.
Labda aliiandika kimyakimya
na mimi ndiye niliyepitwa.

Asubuhi nikashuka ghala la maktaba.
Tsiala wa funguo akauliza, "Unatafuta nini?"
"Ukurasa wa arobaini na moja."
Toleo la sita linanuka panya na gundi.
Thelathini na nne. Na tano. Na sita.
Kisha karatasi ya masahihisho,
makosa manne ya chapa, wameyakiri yote,
kisha jalada la nyuma.
Basi.

Mashine haikukusudia kunitania.
Iliulizwa, ikajibu;
haijaumbiwa aibu ya kusema sijui.
Ilichukua jina linaloelekea, mwaka unaoelekea,
ikamshonea marehemu kanzu bila kumpima,
na kanzu, Mungu wangu, ikamkaa.

Nikampigia Tornike.
"Niliiomba inyooshe lugha tu," akasema,
"kisha usiku ukawa mrefu, nikaiomba na vyanzo."
"Ulivisoma?"
Nikasikia birika likichemka upande wake.
Likachemka sana.
"Vilifanana na vya kweli, Bi Nazibrola."

Nilikuwa na maneno makali, nimeyapanga tangu ghalani.
Yakanikwama.
Wiki iliyopita nilimkatalia makala mtafiti wa Izmir
kwa Kiingereza kitamu kisicho changu,
akili mnemba iliniandikia aya mbili,
chini nikatia saini peke yangu
kama mtu aliyepika.

Kwa hiyo nilianza na barua ya Izmir.
Ndipo nikamwandikia kijana:
Ifute ya kumi na tisa. Zilizobaki zifungue kwa macho yako,
usichokisoma usikitaje.
Mahali ilipokushika mkono, paseme,
ilifanya nini na wewe ulikagua nini.
Jina lake usiliweke kando ya lako:
siku ya kuulizwa haitakuja,
utakuja wewe.
Na vipimo vyako, zile alfajiri mia mbili na kumi shambani,
ni vizuri. Mbona umevifunika?

Alirudisha makala baada ya wiki tano.
Sentensi zilichechemea kidogo, mojawapo ilianguka kabisa,
nikaiinua.
Alikuwa amekwenda kwa mjane wa Otari, akanywa chai,
akaonyeshwa daftari la kijani.
Ukurasa mmoja tu umeandikwa:
tarehe, digrii tatu chini ya sifuri,
na maneno mawili, "Angalia tena."

Rejea ya kumi na tisa, ilivyochapishwa:
Kvirkvelia, O. Daftari, halijachapishwa. Ukurasa 1.