Gia ya Pili

Sikio langu la kushoto limekufa.
Daktari aliinama akanong'ona humo,
akauliza, "Nimesemaje?"
Nikamwambia: gia ya pili, kilima cha Sabaki.

Bedifodi letu lilikohoa kama lenye pumu,
magunia mia na ishirini ya chumvi ya Gongoni mgongoni,
sakafu ikitetemeka hadi meno yakaijua njia.
Dizeli iliingia hata kwenye chapati.
Mimi na Mbwarali, utingo wangu, tuliongea kwa mikono;
miaka tisa sikujua kwamba ana kigugumizi.

Usiku, nikikanyaga tu daraja,
Umazi kule Maweni alishasikia.
Anaamka, anachochea moto, anabandika maji.
Nikizima mlangoni, tangawizi imeshaiva.

Sasa nimepewa la Kichina, jeupe, lina kiyoyozi.
Linapita kama mtu anayedaiwa.
Mbuzi wa Mambrui hawalipishi.
Tajiri analisifu: halinywi sana, halisumbui mtu.
Kweli.
Halisumbui mtu.

Juzi saa tisa za usiku nilifika kwangu,
mlango una komeo kwa ndani.
Nikabisha.
Kimya. Kisha sauti ya Umazi, nyembamba, yenye hofu:
"Nani?"

Miaka thelathini na mmoja, hajawahi kuniuliza hivyo.
Jina langu nikaliona dogo, la mtu yeyote.
Nikaliacha.
Nikanguruma kwa koo, pale kizani, mtu mzima,
gia ya pili, polepole,
na kile kikohozi chake mwishoni.

Kwa sikio lililobaki
nikasikia kiberiti.