Karatasi ya Jibini

Nimeandika "Baba yetu alizaliwa"
mara tatu, na mara tatu nimefuta.
Nje, Kutaisi imelowa theluji ya majimaji,
mto Rioni unanguruma chini ya daraja,
na arobaini yake ni kesho, saa sita mchana.

Tsira, wa miaka kumi na mmoja, akaja na karatasi
iliyofungiwa jibini, upande mmoja ina mafuta.
"Mama, unampanga foleni kama abiria," akasema.
"Muweke katikati. Mwache atoke mwenyewe."

Basi nikaandika SHALVA, nikalizungushia jina duara
lililotoka kama yai.
Tawi la kwanza: saa za stesheni.
Likazaa bisibisi, likazaa kucha nyeusi ya kidole gumba,
likazaa ile tabia yake ya kusimama mlangoni
akiisikiliza nyumba, kana kwamba nayo ina majira.
Tawi la pili: madeni.
Fupi. Alilipa.
La tatu halikungoja zamu, lilichipukia ubavuni mwa la kwanza:
alivyokuwa akituamsha usiku wa manane
tusikie saa aliyoitengeneza ikigonga,
sisi na mablanketi, tumenuna,
yeye anacheka peke yake.

Kalamu ya kijani ikaisha wino. Tukashika nyekundu.
Mzabibu wa uani. Koti la kijivu.
Mama.
Hapo mkono ukasita, mstari ukapinda,
ukarudi nyuma ukaingia kwenye saa:
siku aliyokufa Mama, Baba hakusimamisha hata moja.
Alizitia zote ufunguo, chumba hadi chumba.
Nilidhani ni ugumu wa moyo.
Miaka kumi na tisa nimedhani hivyo,
kwa kuwa mambo hayo mawili
niliyaweka kurasa mbalimbali.

Kwenye kona ya chini Tsira amechora tawi tupu.
"La nini hili?"
"La tusiyoyajua."
Nikakumbuka tiketi niliyoikuta ndani ya koti:
Batumi, kwenda tu. Haijatobolewa.
Nikaiandika pale, bila duara.

Kesho ndugu watakaa mezani, glasi zimejaa,
wakitaraji alizaliwa, akasoma, akaoa, akafa.
Karatasi nimeikunja mara nne; mfuko wangu unanuka jibini.
Sijui nitaanzia wapi.
Labda pale penye doa la mafuta,
ambapo wino ulikataa kushika
na mtoto akapitisha kalamu tena, na tena,
akikandamiza.