Tiketi ya Koitobos

Kutoka jikoni kwetu Endebess kilele ni kidogo,
kinaenea kwenye tundu la msumari
ukutani, penye bati kuukuu.
Nyanya Yeko alichungulia hapo kila alfajiri kabla ya kukama,
kwa jicho moja, lile lisilo na mtoto wa jicho,
akasema tu: "Kimevaa," au, "Kiko uchi,"
nasi tukajua kama tutaanika mahindi.

Mengine hakutuambia.
Ila siku moja, akimenya viazi,
alisema kitovu chake kilizikwa huko juu,
penye nyasi zinazoganda usiku
zikalia chini ya kwato kama sukari.
Kisha akaomba chumvi.

Mimi nimekwenda na miaka arobaini na sita
na goti linalotabiri mvua.
Lango la Chorlim, karani akainua kalamu:
"Raia, mkazi, au mgeni?"
Nikaitazama ile kalamu.
Nikalipa ya raia.
Risiti nimeikunja pamoja na kitambulisho.

Ndiwa alitangulia, bunduki begani kama jembe.
Tukapita mipodo, tukapita mianzi,
mavi ya ndovu yakifuka bado,
halafu miti ikatuacha bila kuaga.
Zikabaki lobelia, mojamoja ukunguni,
kama watu walioambiwa wangoje.

Na jiwe.

Si dogo tena. Nguzo juu ya nguzo, jeusi, lenye madoa ya kutu,
na nyufa ambazo jua halijapata kuzijulia hali.
Nilipanda kwa mikono.
Ukucha mmoja nimeuacha huko.

Kileleni hapana kitu: upepo,
chuma chenye namba,
ganda la peremende.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu Kitale.
La kwanza lilichukuliwa na upepo,
yaliyobaki nikayameza na chai ya chupa.

Nikatafuta nyumbani. Bonde zima mahindi,
mabati yakimetameta kwa maelfu;
sikujua letu ni lipi.
Nikainua mkono hata hivyo,
kwa tundu la msumari,
kwa jicho tulilolifumba mwezi wa Machi.

"Unampungia nani?" Ndiwa akauliza.

"Namwambia kiko uchi," nikasema.
"Aanike."