Mstari wa Mita Thelathini na Moja

Sikumwomba Arshavir anichoree gurudumu.
Nilimpa mlinganyo wa kosaini, wa kawaida tu,
ule wa mwisho wa ukurasa, ambao darasa langu lote hapa Vanadzor
huuruka kama dimbwi la theluji iliyoyeyuka.
Akaniletea karatasi ya miraba, imekunjwa mara nne,
ina doa la grisi na harufu ya mbegu za alizeti.

"Gurudumu la bustanini, mwalimu, lazunguka kwa dakika sita.
Sekunde moja, digrii moja. Nimelipima kwa saa ya mjomba.
Macho yangu, nikiketi: chini mita mbili, kileleni thelathini."
Na tao lake likapanda, likashuka, likapanda tena,
penseli imekolezwa palipokuwa na shaka.

Kisha, kwa rula, mstari mlalo: ishirini na tatu.
Sikuuliza ni wa nini. Mji mdogo hauna siri,
una watu wanaonyamaza.
Nyuma ya bustani, mlimani, ipo hospitali ya kifua,
na mtoto haruhusiwi kupita mlango wake wa kijani.
Mama yake, Nvard, yumo tangu Februari,
ghorofa ya tatu, dirisha la pili kutoka kwenye bomba.

Kikokotoo kilimpa jibu moja: mia na ishirini.
Ndivyo vilivyo vikokotoo; hujibu, vikalala.
Ila kidole kilipofuata mstari hadi upande wa pili wa kilele
kikakuta makutano mengine: mia mbili na arobaini.
Unaukata ukipanda, unaukata ukishuka,
na katikati, dakika mbili nzima za mama.
Alizipaka rangi ya njano. Nikampa alama zote.

Mei wakamhamishia ghorofa ya tano, penye hewa.
Mstari ukapanda: thelathini na moja.
Tao likafika thelathini, likainama.
Mraba mmoja mweupe kati yao.
Chini aliandika, kwa herufi zilizolala: Hakuna jawabu.
Ni sahihi. Niliweka tiki,
na sijawahi kuchukia tiki kama ile.

Jumatatu akaja na karatasi mpya.
"Nikisimama juu ya kiti, naongeza mita. Tao zima linapanda."
Kweli lilipanda, likagusa mstari pale mia na themanini,
likagusa tu, halikukata,
kama midomo inavyojaribu chai ya moto.
Jawabu moja. Sekunde moja.

Kiti chenyewe kina mnyororo wa kutu badala ya mlango!
Nikateremka bustanini mbio, karipio tayari mdomoni.
Nimechelewa: yuko hewani,
amefungwa kwenye nguzo ya kiti kwa mkanda wa suruali
wa Sepuh, mwendesha gurudumu,
ambaye suruali yake sasa aliishika kwa mkono mmoja.
Karatasi alikuwa ameonyeshwa. Kosaini haijui; breki anaijua.
Alikodolea saa, akatema ganda la alizeti,
akavuta mkono wa chuma.
Gurudumu likaguna. Likatulia.

Nilihesabu, huo ndio ugonjwa wetu walimu: mia mbili,
mia tatu, mia nne na kitu.
Wenye tikiti wakapiga kelele. Sepuh akajifanya anatafuta spana.
Juu kule, mkono mdogo.
Na mlimani, kwenye kioo, kitu cheupe kikipepea,
leso au pazia, macho yangu hayakufika.

Kesho yake, daftarini, tao lisilo katika kitabu chochote:
linapanda, linafika kileleni, halishuki.
Linalala juu ya mstari, mraba baada ya mraba,
hadi ukingo wa karatasi.
Chini yake: Hapa majawabu ni mangapi, mwalimu?

Kalamu nyekundu ningali nimeishika.