Mstari wa Kati

Omaha, mwezi wa Machi, theluji imegoma kuondoka.
Vyuo sitini na vinne vilianza; leo zamu yetu
na wale warefu wa kusini.
Nimeketi safu ya ishirini na mbili, bisi mapajani,
koti la marehemu Gerrit mabegani,
na kule chini, jezi namba tisa, mjukuu wangu Brenna
anafunga kamba za viatu kwa mara ya tatu.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mimi Arlys
nilikuwa mlinzi. Wasichana wa Iowa
tulicheza sita kwa sita:
watatu wa kufunga, watatu wa kuzuia,
na katikati mstari mweupe
ambao mlinzi havuki.
Dunda mara mbili, basi, toa pasi.
Walisema mioyo yetu ingepasuka tukikimbia uwanja mzima.
Nami nilikuwa nimeshakamua ng'ombe kumi na wanane
kabla ya kifungua kinywa.

Misimu minne nilipora mipira
nikaifikisha mstarini kama anayesindikiza wageni,
kisha nikasimama, mikono kiunoni,
nikitazama wenzangu wakifunga.
Misimu minne. Sikurusha hata mmoja.
Gazeti la wilaya lilijua kuniandika:
Arlys, sufuri.

Sasa robo ya nne. Sabini na moja kwa sitini na tisa,
na sisi ndio sitini na tisa.
Sekunde nne.
Brenna anadaka pasi isiyokuwa yake
(mkono ule naujua, mkono ule ni wangu),
anadunda moja, mbili,
na huku juu mwili wangu mzima unafunga breki.
Yeye tatu. Nne.
Kiatu kinakanyaga mstari kana kwamba ni rangi tu.
Anaruka.

Mpira ulizunguka chuma, ukafikiri,
ukatoka.
King'ora.
Wa kusini wakarukiana. Wetu wakaketi sakafuni
kama nguo zilizoanguka kambani.
Mwanamume wa kiti cha pili akanigusa kiwiko:
"Pole, mama. Amekosa."
Ndiyo. Amekosa
kutoka mahali ambapo mimi sikuruhusiwa hata kukosea.

Nje, upepo unakata masikio. Nalingoja basi lao.
Naufinyanga mfuko wa bisi uwe mviringo,
naurusha pipani.
Unagonga ukingo, unaangukia theluji.
Nauokota.
Narudi nyuma hatua mbili,
naangaza kushoto na kulia kama kuna mtu.