Besi ya Njeru

Alikuja saa kumi na moja, Luthuli ikiwa katika kelele zake za kuuza,
kila duka na spika mlangoni, kila spika na ubishi wake.
Akapanda hadi ghorofa ya tatu,
kwenye chumba changu chembamba kama kabati la sahani,
akatua mezani kispika cha ukubwa wa nusu mkate.
"Fundi Nasieku," akasema, "humu ndani mimi simo."

Nikadhani nimesikia vibaya.

Njeru huimba besi, kwaya ya Kayole, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Watu arobaini waliingia studio,
arobaini wakatoka.
Lakini jikoni kwa mkewe, juu ya friji,
wanasikika thelathini na tisa.
Kitindamimba wake kamuuliza mbele ya wageni:
"Baba, ulikuwa unaimba, au ulifungua mdomo tu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikamwambia tungoje Luthuli ilale;
mnong'ono haupimwi sokoni.
Saa tatu usiku, milango ya mabati iliposhuka mmoja mmoja,
nikasimamisha maikrofoni hatua moja mbele ya kispika,
nikakiamuru kipande toka chini kabisa:
mngurumo, mvumo, mluzi,
hadi kule wanakosikia mbwa peke yao.
Kompyuta ikachora.
Mstari ulianza shimoni, ukapanda ukihema,
ukapata nguvu ya kusimama kwenye mitikisiko mia na hamsini kwa sekunde.
Mbele zaidi, karibu na elfu tatu, nundu:
hapo ndipo masoprano wanapochoma masikio.

Nundu niliikata. Kukata si kazi,
muulize mshona nguo yeyote.
Tabu ni shimo. Njeru hushuka hadi themanini na mbili,
na nikisukuma nguvu huko, koni ya karatasi
inatapatapa, inagonga, inakohoa.
Hesabu hainenepeshi sanduku.
Kikombe hakiwi pipa kwa kubembelezwa.

"Sasa?"
"Sasa tulidanganye sikio. Kwa adabu."

Maana sauti huzaa. Themanini na mbili ana wanawe:
mia moja sitini na nne,
mia mbili arobaini na sita,
mia tatu ishirini na nane,
na hao kispika kinawamudu.
Ukikutana njiani na watoto watatu wa pua moja, mwendo mmoja,
huulizi baba yao anafananaje.
Umeshamwona.
Sikio nalo ndivyo lilivyo: likiusikia ukoo,
mzazi linamjaza lenyewe.

Nikaandika kichujio. Nikawapanga watoto,
si kwa wingi, wakizidi sauti huwa nyuki chupani.
Mwisho nikaweka mlinzi langoni
azuie sauti itakayokuja kwa fujo kuchana koni.
Hapo Njeru alitabasamu kwa mara ya kwanza:
yeye mwenyewe ni mlinzi, Eneo la Viwanda,
na zamu yake ilikuwa imeanza dakika arobaini zilizopita.

Nikabonyeza. Ubeti wa pili,
pale wengine wanaponyamaza
na besi inabaki peke yake ikishuka ngazi gizani.

Akasimama. Akalaza kiganja juu ya meza
akiutafuta mtetemo kwenye ubao.
Ubao ulikuwa kimya.
"Nasikia," akasema, "lakini mkono hausikii."
"Mkono ni mgumu kudanganya."

Akakitazama kile kinusu mkate.
"Kwa hiyo huyu ni mimi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Noti alikuwa ameshaishika.

"Si wewe. Ni wanao."

Akaomba ubeti ule tena. Tena. Mara ya tatu
akaanza kuimba pamoja nacho, polepole, kutoka kifuani,
themanini na mbili kamili, bila kichujio,
na meza ikatetemeka,
bisibisi yangu ikaviringika hadi ukingoni, ikaanguka.

Sikuiokota mpaka alipomaliza.